Isidore Bakanja, Mtu Aliyesamehe

1. Nchi ya misitu na mito

Mji wa Lubumbashi uko kusini ya nchi ya Kongo. Mtoto wa Lubumbashi aujua mlima mweusi wa takataka za shaba, na bomba refu la moshi lililo karibu nao. Aijua pia miezi ya kiangazi, wakati baridi inapokuja asubuhi na vumbi jekundu huingia hata ndani ya nyumba.

Lakini Kongo ni kubwa sana. Ukitoka Lubumbashi na kwenda upande wa kaskazini na magharibi kilometa zaidi ya 1500, wafika katika nchi nyingine kabisa. Huko mvua hunyesha karibu miezi yote. Miti ni mirefu tena imesongamana, na jua halifiki chini. Njia za watu ni mito, na gari lao ni mtumbwi. Nchi hiyo yaitwa Equateur, kwa sababu mstari wa ikweta wapita hapo.

Katika nchi hiyo, kijijini Bokendela, alizaliwa mtoto jina lake Bakanja. Ilikuwa karibu na mwaka 1885. Baba yake aliitwa Iyonzwa, na mama yake Inyuka. Walikuwa watu wa kabila la Boangi, watu wa shamba na wa samaki. Bakanja hakusoma shuleni. Alijifunza kama watoto wenzake wote wa kijiji: kupiga kasia, kutega samaki, kulima, na kusikiliza wakubwa wanaposema.

Siku zile nchi ilikuwa katika mateso. Tangu mwaka 1885 Mfalme Leopold II wa Ubelgiji aliishika Kongo kama mali yake mwenyewe. Huko Ulaya watu walitaka mpira mwingi kwa magurudumu ya baiskeli na ya motokaa, na mpira ulitoka katika mitambaa ya misitu ya Kongo. Watu wa vijiji walilazimishwa kwenda msituni kuutafuta. Asiyeleta wa kutosha alipigwa au kufungwa, na wengi walikufa. Mwaka 1908 mfalme alinyang'anywa Kongo, ikawa koloni la serikali ya Ubelgiji. Lakini kubadili jina si kubadili moyo. Katika vituo vingi vya mpira kiboko kilibaki palepale.

2. Kazi ya udongo na maji ya Ubatizo

Bakanja alipokuwa kijana alikwenda kutafuta kazi Mbandaka, mji uliokuwa ukiitwa Coquilhatville wakati ule. Akapata kazi ya kuwasaidia mafundi wa kujenga. Huchanganya udongo, huchukua matofali, humpelekea fundi maji.

Karibu na mji huo walikaa wamonaki Watrapisti, waliotoka Ubelgiji. Bakanja akaanza kwenda kwao kujifunza dini. Mchana alikuwa kazini, na saa za mafundisho alikuwa kwa mapadri. Alijifunza sala na amri za Mungu kwa kusikia na kukariri.

Tarehe 6 Mei 1906 akabatizwa, akapewa jina la Isidore. Mtakatifu Isidore alikuwa mkulima wa Hispania, mtu wa kazi za mikono, na jina hilo lilimfaa kijana wa matofali. Tarehe 25 Novemba mwaka uleule akapata Kipaimara. Na tarehe 8 Agosti 1907 akapokea Komunyo ya kwanza.

Ubatizo humwondolea mtu dhambi zake zote. Lakini baada ya Ubatizo mtu huanguka tena, maana ni dhaifu. Kwa hiyo Yesu Kristu alituachia sakramenti ya Kitubio. Mkristu aliyeanguka haachwi njiani: atafuta dhambi zake, ajuta, aziungama kwa padri, na Mungu amsamehe.

Siku ya Ubatizo Isidore alipewa rozari na skapulari. Skapulari ni vipande viwili vidogo vya kitambaa vilivyounganishwa kwa uzi. Huvaliwa shingoni, kimoja kifuani, kimoja mgongoni. Ni alama ya mtu aliyejiweka chini ya ulinzi wa Bikira Maria. Haina nguvu ya dawa wala ya hirizi. Lakini Isidore aliipenda, kwa sababu kila aliyemwona alijua mara moja kwamba yeye ni Mkristu. Hakuwa na kitabu, wala hakuwa na kanisa karibu. Vitu hivyo viwili vilikuwa kitabu chake.

3. Kituo cha Ikili

Kazi ya Mbandaka ikaisha, Isidore akarudi kwao. Lakini kijijini kwake hapakuwa na Wakristu, naye alitamani kukaa na wenzake wa dini. Akasafiri mpaka Busira, kulikokuwa na jamaa yake. Huko akaingia kazi ya boyi wa nyumba kwa Mbelgiji mmoja aliyeitwa Reynders, mtu wa kampuni kubwa ya biashara ya mpira na pembe za tembo. Reynders alipohamishiwa kituo cha Ikili, Isidore akaenda naye.

Mkubwa wa kituo cha Ikili alikuwa Mbelgiji mwingine, jina lake Van Cauter. Watu wa Kongo walimwita Longange. Longange hakutaka dini kituoni kwake, na aliwachukia mapadri. Wakubwa wengi wa kampuni walikuwa kama yeye. Waliona kwamba mtu akifundishwa na padri, ajua kwamba yeye ni mtoto wa Mungu, tena ajua kwamba dhuluma ni dhambi. Mtu wa namna hiyo hatishwi upesi.

Reynders alimjua mwenzake, akamwonya boyi wake afiche dini yake. Lakini Isidore hakuona sababu ya kuficha. Alifanya kazi yake vizuri, hakuiba, hakugombana na mtu. Jioni kazi ilipokwisha alisali rozari, na wenzake waliotaka kujifunza sala aliwafundisha.

Longange akapata habari. Akasema kwamba Isidore akiachwa hivyo, kituo kizima kitakuwa cha kusali, na kazi itakufa. Akamkataza kufundisha. Isidore akaomba ruhusa ya kurudi kwao, akakataliwa. Siku nyingine Longange akaona skapulari shingoni pake, akaamuru aivue. Isidore hakuivua. Akapigwa viboko 25.

Katika mambo ya kazi Isidore alimtii bwana wake. Alipoambiwa kuchota maji, alichota, na alipoambiwa kupanga meza, alipanga. Lakini neno hili moja halikuwa neno la kazi. Alijua kwamba mkubwa ana amri juu ya mikono ya mfanyakazi wake, si juu ya roho yake.

4. Siku ya tarehe 2 Februari 1909

Tarehe 2 Februari ni sikukuu ya Mama Maria kumtolea Mtoto Yesu hekaluni. Siku hiyo ya mwaka 1909 Longange alikuwa na hasira kali. Akamwita Isidore, akamkaripia tena kwa ajili ya skapulari na sala. Akaikamata skapulari, akaikata shingoni pake kwa nguvu, akaitupa. Kisha akaagiza kiboko.

Kiboko hicho kilikuwa cha ngozi ya tembo, na misumari ilikuwa imetiwa ndani yake. Wafanyakazi wawili wakaamriwa kumshika Isidore chini, na wa tatu kumpiga. Hawakutaka, lakini walimwogopa Longange. Wakafanya.

Waliosimulia habari ile hawakubaliani juu ya hesabu ya viboko. Lakini wote wasema kwamba vilipita 100, na wengine wasema vilipita 200. Ngozi ya mgongo ikachanika, na mifupa ikaonekana. Isidore aliomba huruma, kama mtu yeyote angeomba, lakini kiboko hakikusimama. Mwisho akatupwa katika nyumba ya kutengenezea mpira, miguu yake ikafungwa kwa mnyororo.

Siku zikapita. Habari ikafika kwamba mkaguzi wa kampuni anakuja kuangalia kituo. Longange akaogopa. Hakutaka mkaguzi amwone mtu yule, akaagiza apelekwe kijiji kingine. Lakini Isidore hakuweza kutembea. Njiani akajificha msituni.

Mkaguzi alikuwa Mjerumani, jina lake Dörpinghaus. Alipokuwa akipita, akamwona mtu akitoka msituni, akijikokota juu ya fimbo mbili. Mgongo wake ulikuwa kidonda kimoja kikubwa, kimeoza na kujaa inzi. Dörpinghaus akashtuka sana, akamwuliza ni nani aliyemfanyia hivyo. Isidore akamweleza yote, bila kuongeza wala kupunguza.

Longange alipoona kwamba mambo yamefunuliwa, akaja kwa ukali, lakini mkaguzi akamzuia. Akamchukua Isidore katika chombo chake, akamwosha na kumtibu vidonda. Ni yeye mkaguzi aliyekuja kutoa ushuhuda baadaye juu ya mambo aliyoyaona kwa macho yake.

Isidore alifichua uovu ule kwa wote waliopaswa kuujua. Aliomba mtu atakayemwona mama yake, au atakayekwenda kwa hakimu, au atakayekutana na padri, awaambie kwamba anakufa kwa sababu yeye ni Mkristu.

5. Miezi ya kungoja

Dawa hazikushinda. Vidonda vilikuwa vimeingia sana mwilini. Isidore akapelekwa upande wa Busira, na huko Wakristu wenzake wakamtunza. Hakuweza kulala chali, wala kukaa vizuri. Harufu ya vidonda ilikuwa mbaya. Mwezi wa Machi ukapita, na Aprili, na Mei, na Juni.

Padri alikuwa mbali. Siku zile hapakuwa na misheni kila mahali. Padri alisafiri kwa mtumbwi wiki nyingi, akizunguka kijiji kwa kijiji, na Mkristu mgonjwa alingoja tu. Hivyo Isidore alingoja karibu miezi sita. Alikuwa na rozari, naye aliisali mchana na usiku.

Fikirini hali ya mtu huyo. Alikuwa hajatimiza miaka 25, au alikuwa ametimiza tu. Hakumwibia mtu, hakumpiga mtu, naye alikuwa anakufa kwa ajili ya hasira ya mtu mwingine. Kila alipojigeuza, maumivu yalimkumbusha jina la Longange. Ni rahisi sana kwa mtu kama huyo kuijaza miezi yote sita kwa chuki.

Mtu aliyedhulumiwa huiona vizuri sana dhambi ya mwenzake. Huihesabu asubuhi, huihesabu tena jioni. Lakini dhambi zake mwenyewe huzisahau, maana za mwenzake ni kubwa zaidi. Hii ni hatari kubwa kwa roho. Kwa sababu hiyo Yesu alitufundisha katika sala ya Baba Yetu kuomba mambo mawili pamoja: tusamehewe, tena tuwasamehe waliotukosea. Mambo hayo hayatengani.

6. Mapadri wafika

Tarehe 24 Julai 1909 mapadri wawili Watrapisti walifika mahali alipolala Isidore. Mmoja alikuwa Padri Grégoire Kaptein. Wa pili alikuwa Padri Georges Dubrulle. Walipomwona wakahuzunika sana.

Wakamwuliza sababu ya mateso yake. Isidore akasema kwamba mzungu hakupenda Wakristu, wala hakutaka avae skapulari, tena alimkemea aliposali.

Ndipo mapadri wakamwomba jambo gumu. Wakamtaka asimchukie Longange, bali amsamehe na kumwombea. Padri akimwomba mtu hivyo, si kwamba anaita uovu wema. Mapadri wale walijua kwamba Longange ametenda ukatili mkubwa. Walikuwa wanaangalia roho ya Isidore, ambayo karibu ingesimama mbele ya Mungu.

Isidore akajibu kwa utulivu. Akasema kwamba hana hasira naye. Mzungu alimpiga, na hilo ni jambo la mzungu mwenyewe, alipaswa kujua anachofanya. Yeye Isidore, akifika mbinguni, atamwombea sana.

Tazameni hekima ya jibu hilo. Isidore hakusema kwamba viboko havikuwa kitu. Alisema kwamba kosa lile ni la Longange, na Longange atajibu mbele ya Mungu. Lakini chuki, kama angeikubali, ingekuwa kosa lake Isidore, naye hakutaka kuichukua pamoja naye.

Akaungama dhambi zake. Akapokea Komunyo, na Mpako Mtakatifu wa wagonjwa.

Aliungama dhambi gani? Hakuna ajuaye, wala hakuna atakayejua. Padri afunga kinywa chake juu ya kila neno alilolisikia katika maungamo. Hawezi kulisema kwa rafiki, wala kwa askofu, wala kwa hakimu, hata akitishwa kuuawa. Kwa hiyo habari za Longange zimejulikana kote duniani, maana ziliandikwa na kusimuliwa. Lakini dhambi za Isidore zimefutwa na kufungwa. Yeye aliyepigwa bila kosa hakujiona mtakatifu asiye na la kuungama. Alijitafuta moyoni, akapata makosa yake, akayasema.

7. Kifo na heshima

Baada ya mapadri kuondoka, Isidore aliishi wiki tatu. Tarehe 15 Agosti 1909 ilikuwa Jumapili, tena sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni. Wakristu wa pale wakakusanyika kusali. Isidore, ambaye hakuwa ameinuka siku nyingi, akainuka. Akatembea polepole katika migomba, rozari mkononi, bila kusema neno. Watu wakastaajabu. Akarudi, akalala, akafa siku ileile.

Wakristu hawakumsahau. Mwaka 1917 mifupa yake ilihamishwa, ikazikwa katika misheni ya Bokote. Wazee waliomjua walisimulia, na watoto wakasikia, nao wakawasimulia watoto wao. Karibu miaka 85 baada ya kifo chake, tarehe 24 Aprili 1994, Papa Yohane Paulo II alimtangaza Isidore kuwa Mwenye Heri, mjini Roma, mbele ya maaskofu wa Afrika waliokuwa wamekutana huko katika Sinodi. Msaidizi wa mafundi, boyi wa nyumba, mtu asiyejua kuandika jina lake, akawekwa altareni.

8. Mtoto ajitayarishaye kuungama

Mwaka 1910, mwaka mmoja baada ya kifo cha Isidore, mji wa Elisabethville ulianzishwa katika Katanga, na mwaka uleule Wabenediktini walifika kuhubiri Injili huku. Mji huo tangu mwaka 1966 waitwa Lubumbashi. Kanisa lake kubwa la matofali, yaani katedrali, limewekwa chini ya Watakatifu Petro na Paulo.

Watakatifu hao wote wawili walikuwa wakosefu waliosamehewa. Petro alimkana Bwana wake mara tatu, akalia kwa uchungu. Paulo alisimama akilinda nguo za watu waliomwua Stefano kwa mawe. Stefano alipokuwa anakufa aliwaombea waliomwua. Na yule mlinzi wa nguo akawa Mtume. Nani ajuaye sala ya mtu anayesamehe yaweza kufika wapi? Isidore aliahidi kumwombea Longange. Mwisho wa sala hiyo waujua Mungu peke yake.

Mtoto wa Lubumbashi anayejitayarisha kuungama, iwe mara ya kwanza au mara ya ishirini, ana mambo matano ya kufanya. Ajifunze yote kwa Isidore.

Jambo la kwanza ni kutafuta dhambi. Akae mahali pa kimya, amwombe Roho Mtakatifu, apitie amri za Mungu moja moja. Atafute dhambi zake, si za mwingine. Wako watoto wanaokwenda kuungama dhambi za ndugu zao: kaka alinipiga, dada alinitukana, rafiki aliniibia kalamu. Padri hangoji habari hizo hapo. Angoja kusikia kama mtoto mwenyewe alirudisha tusi, kama alidanganya, kama aliweka kinyongo.

Jambo la pili ni kujuta. Kujuta si kulia machozi, ingawa machozi si mabaya. Ni kuona kwamba dhambi imemchukiza Mungu anayetupenda, na kuikataa kwa moyo. Asiyetaka kumsamehe mwenzake hawezi kujuta vizuri, maana bado ashika mkononi kitu kile anachomwomba Mungu amwondolee.

Jambo la tatu ni kukusudia kutokosa tena. Kusudi liwe la kweli. Mtoto aliyegombana na jirani yake asiseme tu kwamba atakuwa mwema. Akusudie kumsalimu jirani huyo kesho njiani, kabla ya kufika shuleni.

Jambo la nne ni kuungama. Aseme dhambi zake waziwazi kwa padri, asifiche dhambi kubwa kwa ajili ya haya. Akumbuke kwamba padri hatasema kwa mtu. Isidore hakumficha mkaguzi vidonda vyake vyenye kunuka. Kidonda kilichofichwa hakiponi.

Jambo la tano ni kutimiza malipizi aliyopewa na padri. Na kama alichukua kitu cha mtu, akirudishe. Kama alimharibia mtu jina kwa uwongo, aseme kweli.

Tena kuna neno moja la kushika sana. Kusamehe si kunyamaza. Mtu mzima akimpiga mtoto vibaya, au akimtendea mambo maovu na kumkataza kusema, mtoto asifikiri kwamba kusamehe ni kuficha. Isidore alimwonyesha mkaguzi mgongo wake. Aliwajibu mapadri kweli. Alitaka hata hakimu ajue. Halafu akasamehe. Mtoto naye amwambie mama, au baba, au mwalimu, au mtu mwingine mwema, mpaka apate wa kumsaidia. Kweli na msamaha ni ndugu wawili, hukaa nyumba moja.

Siku hizi mapadri hawako mbali kama zamani. Mtoto wa mjini hangoji miezi sita kama Isidore. Aweza kwenda kwa miguu parokiani. Lakini safari ya kutoka katika chuki kufika katika msamaha yaweza kuwa ndefu kuliko njia ya mtumbwi. Isidore aliimaliza akiwa amelala na vidonda, rozari mkononi. Mtoto naye aianze kabla ya kupiga magoti mbele ya padri. Akumbuke jina la mtu mmoja aliyemkosea, amtaje mbele ya Mungu, amwombee Baba Yetu moja. Akiisha kufanya hivyo, amekwisha kuanza kuungama vizuri.

MAULIZO

1. Isidore Bakanja alizaliwa katika nchi gani ya Kongo? Taja majina ya baba na mama yake.
2. Alifanya kazi gani Mbandaka? Alibatizwa siku gani?
3. Kwa nini Longange alimchukia?
4. Isidore alimwambia mkaguzi kweli yote, kisha akamsamehe Longange. Eleza kwa nini mambo hayo mawili hayapingani.
5. Kwa nini hakuna mtu ajuaye dhambi alizoungama Isidore?
6. Taja mambo matano ya mtu anayejitayarisha kuungama. Lipi lililo gumu zaidi kwako?